Mlango wa Bluu Uliopotea Kwenye Flashi

Nitausimulia mwenyewe mkasa huu, maana nikimwachia Mama Chausiku wa chumba cha pili (na ameshausimulia, kuanzia hapa Temeke hadi kwa dada yake Chamazi) mtasikia kwamba nilizimia mbele ya wageni, na mie sikuzimia, nilikaa tu ghafla, ila kwa bahati mbaya mahali nilipokalia palikuwa na sinia la kababu. Aibu naikubali yote. Naomba tu iwe na vipimo vyake.

Basi. Nimepanga chumba nyuma ya duka la Mzee Murtaza, duka la vitasa, makufuli, bawaba na komeo za kila namna, na ukipita asubuhi jua likiwa limelala kwenye rafu utadhani mtu amemwaga shaba ya nchi nzima humo ndani. Babu zake Mzee walitoka Uhindi, wa kwangu walitoka Newala, na sie wawili tulikutana kwenye jambo moja: hatuwezi kuianza siku bila chai ya tangawizi. Mie ni mwandishi wa riwaya (riwaya moja iko kwa mhariri ambaye amenyamaza kama kisima), na kwa mtaa wetu kuandika riwaya na kutengeneza kompyuta ni kazi moja, kwa sababu zote mbili mtu anakaa anakodolea macho kioo, kwa hiyo tangu nihamie pale nikawa mtaalamu wa kompyuta ya dukani bila kuomba na bila kujua.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani, inaunguruma kama mashine ya kusaga, lakini ndani yake Mzee alikuwa amejijengea mji. Nazungumzia alamisho, zile bukumaki, ile nyota unayoibonyeza ili ukurasa wa mtandao usije ukakupotea. Watu wengine huzibonyeza wakazisahau. Mzee alizipa majina, tena si majina mafupi, majina ya sentensi nzima: "Kiwanda cha bawaba wanaosema kweli." "Kiwanda cha bawaba waongo, usirudi." "Daktari wa magoti anayeeleweka." "Hali ya hewa ya kwa Sakina, akumbushwe koti." Na ya juu kabisa, kabla ya zote: "Nyumba ya binti yangu."

Sakina ni mwanawe wa pekee, anaishi Kanada. Mara ya mwisho alikuja kumzika mama yake, na kabla hajaondoka alikaa na baba yake pale dukani, akamfungulia ile ramani yenye picha za mitaa, akatembea naye kona kwa kona hadi mbele ya nyumba yake, nyumba ya matofali yenye mlango wa bluu, akabonyeza nyota, akamwambia, "Baba, ukinikumbuka, pita hapa." Mzee akawa anapita. Kila asubuhi, kabla hajafungua duka, anaifungua kwanza nyumba ile, anaitazama, anasema kwa sauti ndogo, "Salaam aleikum, Sakina." (Sauti ndogo kwa sababu kule ni usiku, aliniambia, hataki kuamsha mtu.) Jumapili walipigiana simu za video kama watu wote, lakini mlango ule ulikuwa kitu kingine. Mlango haukuwa na haraka ya kwenda kazini.

Mvua zilipoanza, kompyuta nayo ikaanza kujizima. Mzee akanunua mpya, akaniita.

"Binti, vitu vingine viache humo humo vife nayo. Alamisho zangu ndizo unihamishie."

"Mzee, hiyo kazi ya dakika tano."

Dakika tano hizo, jamani, zimenila miezi. Na kazi yenyewe nilianza vizuri, msinione hivi: kivinjari kina mahali pake pa kutolea alamisho, zote zinaingia kwenye faili moja dogo, unalitia kwenye flashi, unakwenda kulifungua kwenye kompyuta mpya, mwisho. Nikatoa za Mzee, nikazitia kwenye flashi, nikaelekea chumbani kwangu nikiwa na mji wa mtu mzima mfukoni, na ni hapo, kati ya duka na chumba, likanijia wazo dogo kama sisimizi: kwa nini na zangu nisiziweke humo humo? Laptopu yangu nayo ilikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Flashi ilikuwa na nafasi tele. Na bukumaki zangu nilizipenda, maana ule ugonjwa wa Mzee wa kutoa majina marefu ulikuwa umeshaniambukiza na mie.

Msilolijua, na ambalo mie nilikuwa silijui, ni kwamba kivinjari kikitoa alamisho hakijali za nani. Mzee Murtaza, mie, au rais wa nchi, faili linapewa jina lile lile. Kwa hiyo kompyuta ikaniuliza, kwa adabu kabisa: hapa pana faili lenye jina hili hili, je, nilibadilishe?

Sasa wakati huo huo mlango ukagongwa. Alikuwa kijana mmoja wa Kiwalani (jina nalihifadhi) ambaye kila Ijumaa alikuwa akija kunisalimia, na kila akija anakuta chungu kinatokota.

"Hodi, Somoe! Nimesikia harufu ya nazi tangu barabarani."

"Karibu!" nikaitika, na huku kwa mkono mmoja nikijifunga kitambaa kichwani, kwa mkono mwingine nikabonyeza ndiyo. Ndiyo, badilisha. Sijawahi kumjibu mtu yeyote upesi namna ile.

Jioni hiyo fundi wa Ubungo akaja kuichukua kompyuta ya zamani, Mzee alikuwa amewaahidi watu wa shule ya chekechea. "Binti, umehamisha?" akaniuliza. "Nimehamisha," nikasema, na sikuwa mwongo, faili nililiona kwa macho yangu mwenyewe. Kilichokuwa ndani ya faili ndicho sikukitazama.

Kesho yake Mzee akaenda Kariakoo kuchukua mzigo, akaniachia kompyuta mpya. Nikachomeka flashi, nikafungua, na alamisho zikamiminika kwenye kioo moja baada ya nyingine: "Mhariri akinyamaza maana yake nini." "Mapishi ya kumfanya asiondoke mapema." "Nguo za harusi, kuangalia tu." "Namna ya kujua kama anakupenda au ana njaa tu."

Zangu. Zote zangu. Za Mzee, hata moja.

Nikampigia fundi. "Dada, ile?" akacheka. "Nimeisafisha mpaka inang'aa, watoto wanaichorea mabata. Kwani kulikuwa na kitu?"

Ningekuwa mtu mwenye akili ningemsubiri Mzee nikamwambia. Lakini nilimwona akilini jinsi atakavyovua miwani, na sikuwa na moyo wa kuuona uso ule. Nikaanza kuujenga mji upya kwa kumbukumbu. Zangu nilizisukumia kwenye folda moja nikaiita "Mengineyo", nikisema nitazifuta baadaye, maana siku ile niliogopa kufuta hata vumbi (na hiyo baadaye mnaijua nyie). Kiwanda cha wakweli nilikipata, cha waongo nacho, daktari wa magoti alinisumbua kidogo. Ikabaki nyumba.

Nikampigia Mzee Kariakoo. "Mzee, ule mtaa wa Sakina unaitwaje vile? Nataka kuutia kwenye riwaya." Akafurahi jinsi gani! Akanitajia herufi moja moja, akipiga kelele juu ya makelele ya wapagazi, akarudia mara ya pili ili riwaya isikosee. Namba ya nyumba sikuthubutu kuuliza. Riwaya gani inataka namba ya nyumba?

Nikauingia mtaa ule kwenye picha. Mtaa mrefu, miti imepukutika yote, na watu wa kule sijui waliwekeana nadhiri gani na rangi ya bluu. Nilitembea hadi macho yakaniuma. Mwishowe nikasimama mbele ya nyumba ya matofali, mlango wa bluu, baiskeli nyekundu imeegemezwa ukutani. Baiskeli sikuikumbuka. Nikajiambia labda wameinunua juzi, kana kwamba picha nayo hununuliwa vitu. Nikabonyeza nyota. "Nyumba ya binti yangu."

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea Mzee chai mwenyewe, nikasimama pembeni. Akafungua. Akatazama kitambo. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Salaam aleikum," akasema kwa sauti yake ndogo, kisha akanyamaza, akachukua kikombe.

"Iko sawa, Mzee?"

"Kompyuta nzuri hii," akasema. "Inaonyesha vizuri."

Nikarudi chumbani nikiwa mwepesi kama pamba ya msufi. Na tangu hapo kila asubuhi nikamsikia akiisalimia ile nyumba ya watu baki, na kila asubuhi ikanichoma kidogo, halafu nikazoea, kama mtu anavyozoea kiatu chenye msumari.

Halafu Sakina akasema anakuja.

Jumapili ya kumkaribisha, sebule ya Mzee, juu ya duka, ilijaa. Walikuja ndugu zake, walikuja wateja wa zamani, sie wapangaji tulikuwepo wote, na kwenye kiti cha mbele alikaa Bi Zehra, dada yake Mzee kutoka Kinondoni, mwanamke ambaye hata pazia likitikisika hulihoji. Sakina alikuwa mpole, mwembamba, amekaa karibu na baba yake hadi magoti yanagusana. Mie nilikuwa napitisha kababu. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri, wallahi, mpaka Bi Zehra alipofuta vidole.

"Kaka, hiyo nyumba ya Sakina sie tunaisikia tu. Leo mwenyewe yupo, runinga kubwa ipo. Tuonyeshe."

"Mtandao umekatika," nikasema. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Umekatika wapi?" Mama Chausiku akainua simu yake. "Mie si huyu natazama video?"

"Basi waya wa runinga ni mbovu."

"Somoe, waya umeuleta wewe leo asubuhi, ukasema mpya."

"Mpya, lakini mbovu."

"Mwanangu, una homa?"

Mpwa mmoja wa Mzee akaenda dukani kuileta kompyuta, nikamfuata nyuma nikimwambia ni nzito, itamvunja mgongo, akanitazama kwa huruma akaibeba kwa mkono mmoja. Ikaunganishwa. Nikaliweka sinia kwenye kochi ili mikono iwe huru, nikawahi kipanya, lakini Sakina alishakishika.

"Dada Somoe, pumzika na wewe, umehangaika tangu asubuhi. Nitafungua mwenyewe."

Kwenye runinga, kubwa kama kitanda, ikatokea orodha ya alamisho. Sakina hakuzoea mpangilio mpya (mpangilio wangu), akabonyeza folda ya kwanza aliyoiona. Mengineyo. Bi Zehra akavaa miwani, na huyo mama akivaa miwani husoma kwa sauti, ni desturi yake, hata mabango ya barabarani.

"'Namna ya kujua kama anakupenda au ana njaa tu.'"

Akashuka mstari wa chini yake.

"'Mapishi ya kumfanya asiondoke mapema.' 'Nguo za harusi...'" Akageuka taratibu. "Nguo za harusi! Kaka!"

Muelewe jambo moja: Temeke nzima, anayejulikana kwa kuzipa alamisho majina ya sentensi nzima ni mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mgane aliyekuwa ameketi pale na kikombe cha chai.

"Makubwa!" Mama Chausiku akapiga kofi. "Mzee Murtaza, ni nani huyo? Wa mtaa huu huu?"

"Ndiyo maana siku hizi anapaka hina ndevu," mteja mmoja akachombeza, na watu wakaangua kicheko.

Aliyekuwa hacheki ni Sakina. Alimgeukia baba yake, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu aliyekuta kiti cha mama yake kimehamishwa. "Baba? Kuna jambo ulitaka kuniambia?"

Mzee alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, alinitazama tu, na mie nilikuwa nimesimama mdomo wazi, masikio yanawaka, nikiomba ardhi ya Temeke inimeze na vitasa vyake vyote. Akakiweka kikombe chini.

"Ni zangu," akasema. "Kwani mtu mzima haruhusiwi kujifunza?"

Bi Zehra akashika kifua. Macho ya Sakina yakajaa maji. Na mie nikaona kwamba mzee wa watu ameivua heshima yake mbele ya mwanawe, aliyemsubiri muda wote ule, amenifunika nayo mie kama khanga, na bado anatabasamu.

"Ni za kwangu!" Nilisema kwa sauti ambayo mwenye genge ng'ambo ya barabara aliisikia (aliniambia mwenyewe). "Zote ni za kwangu! Mzee hana njaa wala hapendwi na mtu yeyote!"

Sivyo nilivyokusudia kusema. Lakini ndivyo nilivyosema, na hapo ndipo nilipokaa ghafla juu ya lile sinia, na kababu zilikuwa bado za moto.

Kicheko kilichofuata sitakisimulia. Mama Chausiku alilala sakafuni. Hata Sakina alicheka, machozi yale yale yakabadilisha kazi njiani, na huku anacheka mkono wake ukabonyeza ile alamisho ya juu. Nyumba ikajaa kwenye runinga: matofali, mlango wa bluu, baiskeli nyekundu.

Akaacha kucheka. "Baba," akasema, "hii si nyumba yangu."

Nikiwa nimekaa pale pale juu ya kababu nikalitoa lote, kwa pumzi moja: flashi, faili lenye jina moja, hodi ya Ijumaa, fundi wa Ubungo, mabata ya watoto, mtaa niliouomba kwa jina la riwaya. "Nimepoteza nyumba ya mwanao, Mzee," nikasema, "nikakuwekea ya mtu baki."

"Najua," akasema Mzee.

"Unajua nini?" Bi Zehra akamdaka.

"Mie nauza vitasa, dada. Alipoolewa Sakina nilimpa kitasa cha shaba, nilikitoa kwenye rafu hii hapa chini, akakifunga kwenye mlango wake kule. Kwenye picha kinaonekana kama nukta ya njano, ndogo kama punje ya dengu. Nukta ile ndiyo nilikuwa nikiisalimia. Siku ya kwanza ya kompyuta mpya natazama, nukta haipo, kuna baiskeli."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Huyu binti alikuwa amesimama pale na chai, ananitazama usoni kama mtoto anayesubiri matokeo ya darasa la saba. Ningesemaje?" Akainua mabega. "Nikawasalimia wenye baiskeli. Nao ni watu. Nao kwao ni usiku."

Nikakumbuka asubuhi zile zote. Salaam aleikum, akasema, kisha akanyamaza. Jina la Sakina hakulitaja hata siku moja, na mie mwandishi, ninayejigamba kwamba nasikia vitu ambavyo watu hawavisemi, sikusikia.

"Na nyumba yangu, Baba?" Sakina akauliza. "Ungekaa nayo mbali mpaka lini?"

"Nilijua utakuja. Ukija utanifungulia tena."

Sakina akaandika anwani yake, picha ikakimbia juu ya miti iliyopukutika, ikapita baiskeli nyekundu, ikasimama mbele zaidi kwenye mtaa ule ule. Akaivuta karibu, karibu zaidi, hadi mlango ukaanza kuwa ukungu wa bluu, na katikati ya ukungu ule palikuwa na nukta ya njano.

Mzee akainama mbele. "Salaam aleikum, Sakina," akaiambia runinga, kwa ile sauti yake ndogo.

Sakina akaegemeza kichwa begani mwake. "Waaleikum salaam, Baba."

(Mama Chausiku, ambaye huwaambia watu kwamba nilizimia, hawaambii kwamba yeye alilia hadi akaazima mtandio wa Bi Zehra.)

Mzee akaibonyeza nyota mwenyewe. Nilipotaka kumfutia ile nyumba yangu ya uongo, aliuzuia mkono wangu. "Iache, nimeshawazoea." Akaibadilisha jina tu: "Majirani wa binti yangu, wenye baiskeli." Mpaka leo, kila asubuhi ana milango miwili ya kupitia, na Sakina aliporudi kwake akatutumia picha ya mama mmoja wa Kikanada amesimama karibu na baiskeli nyekundu, anapunga mkono kuelekea Temeke.

Mie nimeapa, na nawaapia nyie mashahidi: kila mtu na flashi yake, na kompyuta ikiniuliza swali nitalisoma hadi nukta ya mwisho, hata mlangoni wakipiga hodi malaika. Juzi nikamwuliza Mzee kama ameshanifutia ile folda ya Mengineyo.

"Nimeifuta, isipokuwa ukurasa mmoja," akasema. "Huo niliusoma wote, tangu mwanzo. Halafu nikakaa nikamwangalia kijana wako, Ijumaa baada ya Ijumaa, anavyoingia na anavyotoka."

Akapuliza chai yake, akanywa funda moja, akanitazama kwa upole ule ule wa siku ya baiskeli.

"Pole, binti. Ana njaa tu."